Alama Aliyoibonyeza Baba Mwasisi

Nchi hii haipo. Watu wawili watatu wameitafuta kwenye ramani wakaikosa, na msomaji anayehisi kwamba anaifahamu anaombwa anywe maji atulie. Kwa kuwa haipo, hakuna ubaya kusema kwamba ilikuwa na raia milioni tisa, wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na kompyuta moja yenye cheo cha Waziri Mstaafu.

Kompyuta hiyo iliitwa Mtambo. Ulikaa peke yake katika chumba chenye zulia na viyoyozi viwili, huku wagonjwa wa hospitali ya jirani wakipepewa kwa vipande vya maboksi. Uliendeshwa na mfumo wa ukoo wa Unix, wa kale hasa, wa enzi zile kompyuta zilipokuwa chache na wenyewe wakifahamiana kwa majina, hata hakuna aliyeona haja ya kufunga milango. Ndani yake mlitunzwa Daftari la Walio Hai. Aliyeandikwa humo "hai" alikuwa hai: alitibiwa, alioa, alipanda treni. Aliyeandikwa "marehemu" alikuwa marehemu, hata akisimama dirishani akigonga kioo kwa ngumi.

Fundi wa Mtambo alikuwa Mwatumu Kisaka, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na mmoja ambaye kukaa kulimshinda. Alikula amesimama, alisoma magazeti akitembea, na kwenye misiba aliwekwa jikoni kwa sababu mkekani aliwachosha wenzake. Barua yake ya ajira ilisema kazi yake ni "kuutazama Mtambo kwa heshima". Kuugusa kulihitaji kibali cha Kamati, na Kamati ilikutana mara moja kila baada ya miaka minne, mwezi wa pili, tarehe ishirini na tisa.

Kwa miaka kumi na miwili Mwatumu aliutazama. Kwa kuwa hakukatazwa kuusoma, aliusoma pia, faili kwa faili, na aliyoyakuta yalimnyima raha. Kulikuwa na akaunti ya mgeni isiyodai neno la siri, iliyoachwa na mafundi wa ng'ambo waliouleta Mtambo, ili wakirudi wasisumbuke. Hawakurudi, lakini akaunti iliendelea kuwangoja. Kulikuwa na programu ya kupeleka barua ambayo ukiiambia neno fulani, ilikukabidhi madaraka yote ya mtumiaji mkuu bila hata kukuuliza umetoka wapi. Mwatumu aliandika ripoti ya kurasa thelathini na kuiita *Matundu ya Usalama katika Mtambo*. Ilirudi baada ya miezi saba ikiwa na masahihisho ya wino mwekundu. Kila palipoandikwa "matundu" palikatwa, pakaandikwa "fursa".

*

Mambo yalichafuka Jumatatu moja, pale Mwalimu Kondo Kisaka, kaka yake Mwatumu, alipohudhuria mkutano wa hadhara wa Mkuu wa Wilaya.

Katika nchi hii raia aliruhusiwa swali moja. Kondo aliuliza kwa nini kisima cha shule yake kimefungwa kwa kufuli. Mkuu wa Wilaya akajibu kwamba ni kwa sababu za kiusalama. Hapo mtu mwenye akili zake angeshukuru na kukaa. Kondo, ambaye alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na alishazoea kudai mtu aonyeshe njia, akauliza swali la nyongeza: "Usalama wa nani?"

Jumanne asubuhi alikuwa marehemu. Alipata habari zake zahanati, alikokwenda kung'oa jino. Muuguzi aliangalia kwenye kioo cha kompyuta, akamwangalia yeye, akampa mkono kwa huzuni. "Pole sana, mwalimu," alisema. "Na familia tunaipa pole."

Kondo alikuja moja kwa moja nyumbani kwa Mwatumu, shavu limevimba. Siku ya tatu akafika afisa wa Idara ya Maziko, kijana mtanashati mwenye mkoba na futi ya kupimia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Sheria inatupa siku kumi na nne kutoka tarehe ya kuandikwa. Leo ni ya tatu, kwa hiyo hatukimbizani. Naomba unyooke kidogo nichukue urefu."

"Kijana, mimi niko hai."

"Hayo ni maoni yako, mwalimu, na serikali yetu inaheshimu maoni ya kila mtu." Afisa aliandika sentimita mia moja sabini na nne. "Mabega je, tuyaongezee kidogo? Wengine hulalamika kwamba wamebanwa."

"Mtanizika nikiwa napumua?" aliuliza Kondo.

"Kupumua kuko chini ya Wizara ya Afya," alisema afisa kwa upole. "Sisi hatuingilii."

Alipoondoka, Mwatumu alikuwa ameshazunguka sebule mara kadhaa. Kondo alimfuata kwa macho. "Mwatu, mdogo wangu, si wewe ndiye fundi wa hilo dude?"

"Ndiye mimi, kaka."

"Basi niandike kwamba nipo, nirudi kazini. Darasa la sita wana mtihani na hawajamaliza hesabu za sehemu." Alijaribu kucheka, jino likamkatiza. Mwatumu aliona kwamba bado amenyooka vilevile alivyopimwa. Hofu ilimshika palepale na haikumwachia tena.

*

Asubuhi iliyofuata alifungua kumbukumbu za Mtambo. Aliyemwandika Kondo marehemu alikuwa mtumiaji aitwaye karani, ambaye ndiye mwenye haki ya kuandika kwenye Daftari. Karani huyo alikuwa ameingia kutoka kompyuta ya ofisi ya Wilaya. Na hakuulizwa neno la siri.

Kulikuwa na faili dogo ambalo mifumo ya enzi zile ililitumia kuorodhesha kompyuta za marafiki, zile ambazo watu wake wakibisha hodi wanapita tu, kwa kuwa wanajulikana. Mwatumu alilifungua akitarajia majina matatu manne. Hapakuwa na jina hata moja. Palikuwa na alama ya kujumlisha, peke yake, juu kabisa kushoto. Katika lugha ya Mtambo, alama hiyo ilimaanisha: na wengine wote.

Yaani kompyuta yoyote, popote pale, ikisema "mimi ni karani", Mtambo uliitikia "karibu, karani", ukampa na kalamu.

Mwatumu alikaa. Wenzake waliokuwa wakipita koridoni walisimama kushangaa.

Kisha akafanya ambalo dada yeyote angefanya. Kwenye kompyuta yake ya mezani aliandika jina la Mtambo, akaandika karani, akapita. Akatafuta Kisaka, Kondo. Akafuta "marehemu", akaandika "hai". Ilimchukua dakika moja na nusu, na alitamani kupiga vigelegele.

Kufikia saa tano Kondo alikuwa marehemu tena. Mwatumu akamfufua. Saa saba akafa. Saa nane akafufuka, saa nane na robo akafa. Huko Wilayani kulikuwa na mtu mwenye kazi moja tu siku hiyo, na aliifanya kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana katika utumishi wa umma. Mwatumu akaelewa kwamba angeweza kupita mlango huo mpaka azeeke, na yule mwingine angepita nyuma yake. Dawa ilikuwa kuufunga. Kuufunga kulihitaji kufuta alama moja.

Akaenda kuomba ruhusa.

*

Mkurugenzi wa Mtambo, Mheshimiwa Daktari Ngwali Pazi, alimsikiliza akiwa amefumba macho, kama ilivyo desturi ya wakubwa wanaotaka ijulikane kwamba wanafikiri.

"Hiyo alama," alisema mwishowe, "unajua iliandikwa na nani?"

"Sijui, mheshimiwa. Fundi fulani mzembe."

Daktari Pazi alifumbua macho, akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Iliandikwa na Baba Mwasisi wa Taifa."

Na ilikuwa kweli. Miaka thelathini na moja iliyopita, siku ya uzinduzi, Baba Mwasisi aliombwa abonyeze kitufe chochote. Alivua miwani, akauzunguka Mtambo mara mbili, akauliza kama unauma, kisha akabonyeza kitufe kimoja kwa kidole cha shahada. Watu walishangilia kwa dakika kumi. Bahati mbaya fundi wa wakati ule alikuwa amesahau kufunga faili alilokuwa akilishughulikia, na alama ikatua humo. Angeweza kuifuta. Lakini alikuwa mtu mzima mwenye familia, akatazama mkono uliokuwa umeiandika, akahifadhi faili kama lilivyo, na mwaka huohuo akapewa nishani ya uaminifu.

"Hotuba zake zimeliwa na mchwa," alisema Daktari Pazi, na sauti yake ililainika kwa uchungu wa kweli. "Kofia yake iliibiwa na mabalozi. Kilichobaki nchini chenye alama ya kidole chake ni hicho tu. Wewe unataka ukifute?"

"Mheshimiwa, kaka yangu anazikwa baada ya siku kumi."

"Pole sana. Tutaleta salamu za rambirambi." Kisha, maana hakuwa mtu mbaya, akaongeza, "Lakini hoja yako ni nzito. Nitaitisha Kamati ya Dharura. Tutalishughulikia tundu... hii fursa."

*

Kamati ilikutana siku mbili, ikala mbuzi wanne, ikatoka na ufumbuzi ambao ulisifiwa na wajumbe wote. Alama ingebaki mahali pake. Kilichotakiwa ni kupiga marufuku matumizi yake mabaya. Na kwa kuwa haki haitaki mtu aadhibiwe kwa kosa asilolijua, kosa lenyewe lilielezwa kwa ukamilifu katika Gazeti la Serikali:

"Ni marufuku kwa mtu yeyote kuketi mbele ya kompyuta yoyote, kuandika jina la Mtambo, kisha kuandika neno *karani*, kisha kubonyeza enta, kisha kutafuta jina la mtu, kisha kubadili hali yake kuwa *hai* au *marehemu*, kisha kubonyeza enta tena."

Ili walioko vijijini wasionewe, tangazo lilisomwa redioni mara tatu kwa siku, polepole, na hatua zile zilirudiwa.

Mwatumu alilisikia akiwa amesimama kibandani na kikombe cha chai. Chai yote ilimwagika kwenye viatu vya mwenye kibanda. "Wameichapisha!" alisema. "Jamani, wameichapisha!" Mwenye kibanda alimwomba arudie ile hatua ya pili, hakuwa ameinasa vizuri.

Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii, raia walifuata maelekezo ya serikali bila kukosea hata hatua moja. Foleni za vibanda vya intaneti zilizunguka mitaa. Wajane walifufua waume zao, wengine baada ya kusita kidogo. Mwenye nyumba mmoja wa mjini aliuawa na wapangaji wake kumi na wanane kwa pamoja. Timu mbili za mpira zilimalizana tangu Alhamisi, na mechi ya Jumamosi ikaahirishwa kwa sababu refa naye hakuwa hai. Kila aliyekuwa na adui alikuwa na shughuli, na kila aliyependwa alikuwa na mtu wake mmoja ameketi mbele ya kompyuta akimrudisha kila anapouawa. Wasio na mtu walikufa kimyakimya.

Mwatumu hakulala wala hakukaa. Mchana kutwa alimfufua kaka yake kati ya kazi moja na nyingine, na Kondo akamwachia kazi hiyo kwa aibu, akawa anaosha vyombo vya nyumba nzima, hata vilivyo safi.

Siku ya kumi na moja Daktari Pazi mwenyewe alikufa kwa saa tatu. Dereva wake, mtu mwadilifu, alikataa kumpakia kwenye gari la serikali, akamwelekeza kwenye gari la Idara ya Maziko. Jioni hiyohiyo Kamati ikagundua kwamba jambo hili ni la dharura kweli.

*

Iliamuliwa kwamba Alama itastaafishwa kwa heshima zote. Sherehe ingefanyika siku ya kumi na nne, saa nne kamili asubuhi. Fundi Mwatumu Kisaka alipewa kibali cha kubonyeza kitufe kimoja, mara moja. Hali ya kila raia itakavyokuwa wakati huo ndiyo ingekuwa hali yake rasmi. Daftari lingechapwa, nakala zingepelekwa kila ofisi, na waya uliounganisha Mtambo na kompyuta nyingine ungekatwa ili usiingiliwe tena na mtu hadi mwisho wa dunia, au hadi Kamati itakapoamua vinginevyo. Saa nne kamili ilitangazwa redioni siku mbili nzima.

Siku ikafika. Chumba cha Mtambo kilijaa mabalozi, viongozi wa dini na bendi ya magereza. Afisa wa Maziko alikuwa amekwisha kufika nyumbani na gari, akamwomba Kondo asile sana asubuhi. Mwatumu alisimama mbele ya Mtambo. Pembeni yake palikuwa na kompyuta yake ya mezani, na kwenye kioo mstari mmoja: Kisaka, Kondo. Marehemu.

Aliandika "hai". Bendi ilikuwa ubeti wa tisa. Mstari ukageuka: marehemu.

Akaandika tena. Ukageuka tena. Yule mtu wa Wilayani alikuwa kazini. Mwatumu alianza kuhesabu sekunde kimoyomoyo kati ya uandishi wake na jibu la yule mtu. Kumi na tisa. Ishirini na moja. Kumi na sita. Hakuna aliyejua saa nne kamili ingemkuta Kondo upande gani. Wala si yeye tu. Nchi nzima saa hiyo watu walikuwa wameinamia vioo, kila mmoja akitunza pigo lake la mwisho kwa ile dakika ya mwisho, maana kuandika mapema kulikuwa kumpa adui nafasi ya kufuta.

Daktari Pazi alipanda jukwaani. "Waheshimiwa," alisema, "kujumlisha si jambo dogo. Mataifa mengine yamejengwa kwa kutoa. Mengine, nasikitika kusema, kwa kugawanya..."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika tatu. Marehemu, kioo kilisema. Mwatumu alitangulia kuweka kidole cha mkono wa kulia kwenye kitufe cha Mtambo. Aliandika h, a, i. Akabonyeza enta kwa mkono wa kushoto. Mstari ukageuka, hai, na kabla hajafika hata moja katika kuhesabu, mkono wake wa kulia ulikuwa umeifuta Alama.

Hapakutokea sauti yoyote. Daktari Pazi, aliyeuona mkono ule, alikatiza sentensi katikati.

"Umefanya nini?"

"Nimefuta, mheshimiwa."

"Bado dakika tatu!"

"Mikono imeteleza, mheshimiwa. Naomba radhi."

Daktari aliwatazama mabalozi, mabalozi wakamtazama. Alikuwa mtu wa kazi na alijua kwamba jambo likishapigwa makofi limekwisha kuwa mpango wa serikali. Akapiga makofi. Ukumbi ukapiga makofi. Akachukua mkasi wa utepe, akakata waya wa Mtambo, na bendi ikaendelea na ubeti wa kumi.

*

Mtambo sasa ulikuwa salama kuliko kompyuta yoyote duniani, na taarifa ya serikali ilisema hivyo. Afisa wa Maziko alisoma nakala yake, akamwomba Kondo msamaha kwa usumbufu, akaondoka na gari tupu. Kondo alikula sahani mbili za wali akilia, akarudi shuleni. Mwatumu alipewa cheti chenye picha ya Alama.

Kisha ikachapishwa idadi. Waliofungiwa nje, yaani walio hai walioandikwa marehemu saa nne kasoro dakika tatu, walikuwa elfu mbili mia tatu na sita.

Walianza kuja siku ya pili. Redio ilikuwa imemtaja fundi kwa jina, na mtaa wake haukuwa na siri. Walisimama nje kwa adabu, wakiwa na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Mwatumu alimweleza kila mmoja kwamba waya umekatwa, kwamba chumba kina lakiri na walinzi, kwamba Kamati itakutana baada ya miaka miwili na miezi mitatu. Waliitikia, wakabaki walipo.

Mwanamke mmoja aliomba kuingia ndani kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba. Aliitwa Bi Siwema, fundi wa kushona, amepita kidogo miaka sitini, ana mkoba wa kitambaa alioukumbatia kwa mikono miwili. Kondo, aliyekuwa akisahihisha madaftari, alimpa kiti chake.

"Nilipangiwa upasuaji Alhamisi," alisema Bi Siwema. "Wamenirudisha. Na hawa wa maziko wamenipa siku tisa."

"Pole, mama," alisema Mwatumu. Alikuwa akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Mume wangu alikuwa kwenye kompyuta tangu alfajiri. Tuna jirani mgomvi, mambo ya mpaka. Kila akiniua, mwenzangu ananirudisha. Basi tukasema tusishindane naye, tumwache, kisha dakika ya mwisho kabisa mume wangu aandike. Redio ilisema saa nne kamili. Yeye alikuwa amekaa na kidole juu ya kitufe, anaangalia saa. Akabonyeza. Haikukubali." Aliukumbatia mkoba wake zaidi. "Mpaka leo anadhani ni yeye aliyekosea. Hali chakula."

Kondo aliweka kalamu chini. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na zile dakika tatu alikuwa ameshazipigia hesabu tangu siku ya kwanza, ila hakuwa amethubutu kusema.

"Sikuja kukulaumu, mwanangu," aliendelea Bi Siwema. "Ningekuwa na kaka, na mimi ningefanya hivyohivyo. Nimekuja kuuliza tu. Wakati ule ulipofuta, uliniona? Uliona mstari wangu unasema nini?"

Mwatumu alisimama. Alitaka kusema kwamba majina yalikuwa milioni tisa, kwamba kioo kilikuwa kidogo, kwamba mtu wa Wilayani alikuwa mwepesi. Vyote vilikuwa kweli, na alivionea haya.

"Sikuangalia, mama," alisema. "Niliangalia mmoja tu."

Bi Siwema alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa. Nje watu walikuwa wakisogea dirishani kusikiliza. Mwatumu akavuta kigoda, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile akakaa, uso kwa uso na mgeni wake, wala hakuinuka.

"Unaniruhusu nikae hapa kidogo?" aliuliza Bi Siwema. "Huko nje kote nikisema na mtu, hanijibu, eti mimi ni marehemu."